Sheldon Cooper Alisoma Wapi, na Mpemba Je?

Tuanze na wasifu wa mtu ambaye hayupo duniani. Jina lake Sheldon Cooper, mzaliwa wa Texas, Marekani. Alianza chuo kikuu akiwa na miaka 11. Shahada ya kwanza akaimaliza akiwa na miaka 14. Akiwa na 15 alikuwa Heidelberg, Ujerumani, anafundisha kama profesa mgeni. Akiwa na 16 akavaa joho la uzamivu, tena hilo ni la kwanza, maana baadaye akaongeza la pili. Akaajiriwa Caltech, kule California, kama mwanafizikia wa nadharia, na katika kipindi cha mwisho cha tamthiliya anapokea Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na mkewe.

Wengi wenu mnamjua. The Big Bang Theory ilirushwa na kituo cha CBS kuanzia 2007 hadi 2019, jumla vipindi 279, na hapa chuoni inatembea kwenye flashi kwa kasi kuliko desa la kozi yoyote. Bumu likichelewa, watu wanne wanabanana kwenye kitanda kimoja hosteli na laptopu moja, wanamwangalia Sheldon akibisha hodi mara tatu na kumfukuza mgeni kwenye kiti chake. Mimi pia nimo. Sina ugomvi na tamthiliya. Ila nasomea ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Fizikia na Hisabati, na tangu nirudi kutoka mazoezi ya kufundisha huko Same, ule wasifu nauona kwa jicho jingine. Somo la leo basi ni wasifu.

Hesabu yake ni nyepesi. Kutoka miaka 14 hadi 16 ni miaka miwili, na ndani ya miaka hiyo kuna uzamili, kuna uzamivu, na bado jamaa alipata nafasi ya kwenda Ujerumani. Hapa kwetu uzamili ni mwaka mmoja na nusu au miwili, uzamivu ni mitatu na kuendelea, na sote tunawajua wahadhiri ambao kwao huko "kuendelea" kulifika mbali. Mtu atasema Wazungu wana watoto wa ajabu. Sawa, watoto wa ajabu wapo kila mahali. Terence Tao wa Australia alikuwa mmoja wao kwelikweli, akaja kupewa Medali ya Fields mwaka 2006, ambayo katika hisabati hakuna heshima kubwa kuizidi. Uzamivu wake wa Princeton aliupata akiwa na miaka kama 21. Kwa hiyo Sheldon amempita Tao kwa miaka mitano, na Tao ndiye wa kweli.

Jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui ni kwamba tamthiliya ile ilikuwa na mshauri wa sayansi, David Saltzberg, profesa wa fizikia wa UCLA. Yeye ndiye aliyekuwa akihakikisha milinganyo inayoonekana kwenye ubao mweupe sebuleni kwa Sheldon ni milinganyo ya maana, siyo michoro ya kudanganyia macho. Na Mayim Bialik, aliyeigiza kama Amy, yule mke, ana uzamivu wa kweli wa sayansi ya neva kutoka UCLA hiyohiyo, aliupata 2007. Yaani ubaoni wamejitahidi mpaka alama ya kujumlisha iwe mahali pake, lakini miaka ya shule ya shujaa wao wameikata kwa mkasi wa fundi cherehani ili nguo imkae. Wasifu ule ni vazi la jukwaani. Unamwambia mtazamaji ndani ya sekunde tano kwamba huyu si mwenzako.

Na wasiovaa vazi hilo wanachekwa. Howard, rafiki wa Sheldon, ni mhandisi mwenye uzamili kutoka MIT. MIT, jamani. Lakini kwa kuwa hana uzamivu, kipindi baada ya kipindi Sheldon anamdharau, hata baada ya Howard kwenda anga za juu na kurudi. Sisi tunacheka. Halafu tunatoka hapo tunakwenda kumwita mwenzetu aliyepitia diploma "wa mlango wa nyuma". Utani ni uleule, umebadilika lugha tu.

Sasa twende Same.

Niliomba nipangiwe huko kwa sababu ni nyumbani, na bibi yangu yuko juu Mbaga. Kwa wasiopajua: ukitoka Moshi kuelekea Dar es Salaam kwa basi, milima ya Upare inakaa kushoto kwako saa nzima na zaidi, na wewe unakimbia kwenye tambarare kavu ya miiba na vumbi jekundu. Unavuka Mwanga, unafika Same mjini, unashuka Makanya penye mkonge, unapita Hedaru. Abiria wengi wanaamini Same ndiyo hiyo tambarare. Same yenyewe iko juu: Vudee, Suji, Chome, Mbaga, Mamba, Gonja, huko kwenye migomba, tangawizi na ukungu, mpaka kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Shule niliyofundisha ni ya kata, iko chini. Wapo wanafunzi wanaotoka milimani na kupanga vyumba karibu na shule, watoto wa miaka 14 na 15 wanaojipikia wenyewe na kurudi nyumbani mwisho wa wiki kuchukua unga na maharage.

Nilikuwa na Kidato cha Pili. Kwa wasio walimu nieleze kwa nini hapo ni penyewe. Mpaka mwisho wa Kidato cha Pili kila mwanafunzi alikuwa anasoma Fizikia na Kemia. Akiingia Kidato cha Tatu alikuwa anachagua, abaki nazo au aziache. Akiziacha, milango ya udaktari, uhandisi, umeme, na kwa kweli hata ualimu wangu mimi, inafungwa akiwa na miaka 15, na kwa kawaida hakuna anayerudi kuifungua. Fomu ya kuchagua ni karatasi moja tu.

Kuna binti mmoja alikuwa na alama nzuri za Fizikia. Si za kutisha, nzuri. Siku moja baada ya kipindi akanifuata. "Madamu, mimi nitaiacha Fizikia." Nikamuuliza kwa nini, akasema fizikia ni ya watu wenye akili zile. Zipi? Akacheka, akazungusha kidole pembeni ya kichwa. "Si wale wa kwenye video, madamu. Nywele hivi, wanaongea peke yao. Mimi niko kawaida tu."

Mimi niko kawaida tu. Sentensi hiyo niliiandika kwenye daftari langu la andalio, pembeni mwa safu ya tathmini.

Usidhani ni televisheni peke yake iliyomfundisha vile. Televisheni ilikuta shamba limeshalimwa. Katika kila mji wetu kuna mtu mwenye ugonjwa wa akili anayetembea stendi akiongea Kiingereza, na katika kila mji utaambiwa habari ileile: huyu alikuwa anasoma sana, alikuwa wa kwanza mkoa mzima, akasoma mpaka akili zikaruka. Nimeisikia Same, nimeisikia Moshi, nimeisikia hapa Iringa. Haiwezekani wote walikuwa wa kwanza mkoa mzima. Habari hiyo inamwumiza mgonjwa, kwa sababu badala ya kupelekwa hospitali anageuzwa kuwa kioja cha stendi. Inamwumiza na mtoto wa shule, kwa sababu anajifunza kwamba akili nyingi ni mtumbwi unaovuja. Sheldon, mwenye vituko vyake, akija kwenye skrini, anathibitisha kile ambacho shangazi alishasema.

Kwa hiyo unamjibu nini binti huyu? Kumwambia "jitahidi, unaweza" ni maneno ya mabango. Mimi niliona nimpe wasifu mwingine, wa mtu aliyekuwepo.

Wasifu huo ni wa Erasto Mpemba. Najua mmeshasikia jina, hasa sisi wa hapa Mkwawa, maana sehemu ya habari yenyewe ilitokea kwenye majengo haya tunayoyalalamikia. Lakini wengi tunaijua habari kwa juu juu, kama tunavyojua wimbo kwa kiitikio.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Ukiwa Ndungu, upande wa mashariki wa Upare, siku isiyo na ukungu unaiona Usambara ng'ambo ya bonde la Mkomazi. Ni jirani kabisa. Linganisha kidogo. Mtoto wetu aliyeanza darasa la kwanza na miaka saba, akisoma bila kukwama, Kidato cha Tatu anakifikisha na miaka 16. Ni umri uleule ambao Sheldon anavaa joho la uzamivu.

Wavulana wa Magamba walikuwa na mtindo wa kutengeneza aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ndogo na watu wengi. Siku hiyo mwenzake mmoja aliona akisubiri kuchemsha atakosa nafasi, akachanganya maziwa yake na sukari bila kuchemsha akayatumbukiza. Mpemba naye, akiogopa kupitwa, akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu wakafungua. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Akamwuliza mwalimu wake wa fizikia. Mwalimu akamwambia amechanganya mambo, kitu hicho hakiwezekani. Akakubali, kama ambavyo wanafunzi hukubali. Lakini baadaye akakutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kwamba wao huweka ya moto makusudi, inaganda haraka. Naomba msomaji atue hapo kidogo. Wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanalijua jambo hili na kulitumia kupata riziki. Hakuna aliyewauliza, kwa sababu hawakuwa na wasifu.

Alipofaulu akaja hapa, Sekondari ya Mkwawa, kwa masomo ya juu. Mwalimu akafundisha kanuni ya Newton ya kupoa. Mpemba akauliza tena swali lake. Akajibiwa tena kwamba amekosea, na alipong'ang'ana akaambiwa kwamba hiyo itakuwa ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likapata msemo. Tangu siku hiyo akikosea chochote kwenye hesabu wenzake walimwambia hiyo ni hisabati ya Mpemba. Sisi tuliokaa bweni tunajua jina la utani linavyokaa mwilini.

Kipande ninachokipenda mimi ni hiki, na huwa kinarukwa watu wanaposimulia. Siku moja alikuta maabara ya baiolojia iko wazi na hakuna mwalimu. Akachukua bika mbili ndogo, moja akatia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye sehemu ya kugandishia ya friji ya maabara. Akarudi baada ya saa moja. Hazikuwa zimeganda zote, lakini ile iliyoanza na maji ya moto ilikuwa na barafu zaidi. Hakumtangazia mtu. Sasa alikuwa na kitu mkononi.

Kisha akaja mgeni, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Wakati wa maswali Mpemba akasimama akauliza: vyombo viwili vinavyofanana, maji kiasi sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, vyote kwenye friza, kwa nini cha nyuzi 100 kinaganda kwanza? Wenzake wakacheka. Osborne akamwomba arudie. Akamwuliza kama ni kweli ameliona kwa macho yake. Kisha akasema hajui sababu, na kwamba atajaribu akifika Dar.

Tunaosomea ualimu tunafundishwa mbinu za kujibu maswali kwa majina marefu. Osborne alifanya mambo matatu tu: alilisikia swali mara mbili, hakujifanya anajua jibu, akaenda kulipima. Alipofika Dar alimpa kazi fundi wa maabara. Fundi akarudi na taarifa kwamba kweli ya moto yameganda kwanza, lakini asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Nikilisimulia hilo darasani huwa nanyamaza kidogo nione nani atacheka wa kwanza. Anayecheka wa kwanza ndiye mwanafizikia.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao katika Physics Education, jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia. Katika makala hiyo Mpemba anasimulia habari yake mwenyewe kwa maneno yake, na Osborne anaeleza vipimo vya Dar. Osborne aliandika pia kuhusu hatari ya fizikia inayofundishwa kwa amri. Wakati inachapishwa, Mpemba hakuwa kwenye idara yoyote ya fizikia. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kule Moshi. Na kazi aliyokuja kuifanya maishani ilikuwa ya wanyamapori.

Uweke wasifu wake kando ya ule wa kwanza. Magamba, Mkwawa, Mweka. Hakuna shahada ya fizikia. Jina lake limo kwenye fizikia ya dunia nzima.

Sasa nisije nikafanya kosa la tamthiliya na kumvisha Mpemba vazi. Jambo lenyewe halijaisha. Kwamba maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya ya baridi walishaligusia Aristotle, Bacon na Descartes karne nyingi kabla, na mwaka uleule wa 1969 Mkanada aitwaye Kell aliliandikia makala bila kuwajua hawa wa kwetu. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kueleza sababu, yakaja majibu 22,000 hivi; aliyeshinda alikuwa Nikola Bregović wa Zagreb, na bado watu hawakuridhika. Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha utafiti unaosema walipima kwa uangalifu muda wa maji kushuka hadi nyuzi sifuri wala hawakuona ya moto yakiwahi. Waliona pia kwamba kipimajoto kikisogezwa juu au chini kidogo tu ndani ya chombo, jibu linaweza kubadilika. Halafu mwaka 2020 wanafizikia wawili, Kumar na Bechhoefer, wakaonyesha tabia ya namna hiyo kwa vitu vidogo mno ndani ya kimiminika, mahali ambapo kila kitu kinaweza kudhibitiwa. Kwa hiyo jina la Mpemba limehama kutoka kwenye aiskrimu, limeingia kwenye nadharia, na kwenye aiskrimu bado wanabishana.

Binti wa Kidato cha Pili aliniuliza hivi: "Kwa hiyo Mpemba alikuwa sahihi au hakuwa?" Darasa zima likaning'ang'ania. Walitaka waandike NDIYO au HAPANA wapige mstari. Nikawaambia twendeni tukapime.

Kabla ya friza, niseme kidogo kuhusu wasifu wa aina nyingine, kwa sababu tuko Upare na itakuwa aibu kupita bila kubisha hodi. Ugweno, Upare Kaskazini, kulikuwa na ukoo wa Washana, wahunzi. Walijua kuyeyusha mchanga wa madini ukawa chuma, na chuma cha Upare kilinunuliwa na Wachaga kwa silaha na majembe. Kuyeyusha chuma ni kudhibiti joto na hewa kwa saa nyingi bila kipimajoto. Elimu hiyo ilikaa ndani ya ukoo: mtoto anaanza na mivukuto, anakua na mivukuto. Huku kwetu kusini kuna ndiva, yale mabwawa madogo ya kukusanya maji usiku ili yafunguliwe mchana kwa zamu mfereji kwa mfereji. Bibi yangu anajua zamu ya shamba lake hata akiwa usingizini, na Wahandisi wa maji wamekuja na vipimo vyao Makanya na Bangalala kuzichunguza. Siyo lazima tuwaite wazee wetu "wanasayansi" ili wapate heshima, mimi hiyo hainikai vizuri. Nasema tu walikuwa na njia ya kujifunza, yenye hatua zake, na hakuna aliyeruka hatua.

Na mambo haya ya Washana tunayajuaje? Kwa sehemu kubwa kupitia Profesa Isaria Kimambo, Mpare aliyepata uzamivu Northwestern, Marekani, mwaka 1967, kisha akafundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Utafiti wake ulikuwa kukaa na wazee na kuwasikiliza koo kwa koo. Kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare kilitoka mwaka 1969. Ndiyo, 1969, mwaka wa makala ya Mpemba. Mmoja ana shahada zote, mwingine hana hata moja ya fani ile, na wote wawili kazi yao ilianza kwa kumsikiliza mtu ambaye hakuna aliyekuwa akimwuliza: mzee wa ukoo, muuza aiskrimu.

Haya, friza. Jirani na shule kuna mama anauza barafu za ubuyu na ukwaju, zile za vifuko. Alitukubalia kona moja ya friza yake kwa sharti tusiifungue ovyo. Jaribio la kwanza umeme ulikatika. La pili maji ya baridi yaliganda kwanza, nusu ya darasa ikashangilia kana kwamba Simba imefunga. La tatu vikombe vilikaribiana kiasi kwamba mabishano yalihamia kwenye swali jipya, na aliyelileta ni yule binti: "Madamu, kuganda ni lini? Barafu ikianza kuonekana au ikiisha kuwa ngumu yote?"

Nilikaa nalo mpaka jioni. Hilo ndilo swali linalowatenganisha watafiti wakubwa. Mpemba na Osborne walipima muda mpaka maji yanaanza kuganda. Burridge na Linden walipima muda mpaka nyuzi sifuri, na maji yanaweza kupita sifuri kushuka chini bila kuganda, yakasubiri. Mama wa barafu naye ana kipimo chake, kama kifuko kinaweza kuuzwa. Mtu wa kawaida tu wa Kidato cha Pili aliliona hilo kwenye friza yenye harufu ya ukwaju.

Fomu za kuchagua masomo zilirudishwa baada ya mimi kuondoka. Sijauliza.

Kwa wanaokwenda mazoezini muhula ujao na wanataka kufanya jaribio hili, machache ya kuzingatia. Vikombe vifanane kabisa, viwe vya chuma au vya glasi vyote, na maji kiasi kilekile. Pima uzito kabla na baada, kwa sababu ya moto yanapungua kwa mvuke, na maji machache huganda haraka. Viweke juu ya kipande cha povu au mbao. Friza nyingi zina ule unga wa barafu chini, kikombe cha moto kinauyeyusha na kukaa vizuri kwenye chuma chenye baridi, na hapo utakuwa umepima friza badala ya maji. Badilishaneni nafasi za vikombe kila mnaporudia. Chemsha maji yote mawili, kisha moja uyaache yapoe, ili hewa iliyoyeyuka ndani isiwe ndiyo inayoleta tofauti. Andikeni ubaoni, kabla hamjafungua mlango wa friza, "kuganda" kwenu kuna maana gani, na kila mwanafunzi aandike anachotarajia na asiruhusiwe kukifuta. Muulizeni mwenye friza umeme wa kwao hukatika saa ngapi.